Kijiko Kimoja Tu: Tunayoambiana Kuhusu Unga wa Bangi

Jumapili moja, kama saa mbili na nusu usiku, kijana wa ploti ya nyuma aliingia hapa kemisti amevaa slipa mbili zisizofanana. "Dokta, nipe kitu ya kukata stimu." Nikamuuliza stimu za nini. Akageuka kwanza kuutazama mlango, kisha akasema kwa sauti ya chini: dadake amekunywa chai, chai ilikuwa na unga wa ndom, yaani bangi, na sasa anasema anakufa.

Roysambu, hapa Nairobi, ni mtaa wa wanafunzi na wapangaji wa chumba kimoja, na bangi si habari mpya hapa. Zamani waliokuja kaunta walikuwa wamevuta. Walitaka dawa ya matone ya kuondoa wekundu wa macho kabla hawajafika kwa mama. Siku hizi wanakuja waliokula: keki, biskuti, mabuyu, na sasa huu unga wa kusaga nyumbani unaotiwa kwenye chai, uji, hata juisi ya maembe. Wanayoniambia yanafanana kiasi kwamba nimeona niyaandike pamoja na majibu ninayowapa. Namna ya kuutengeneza siandiki.

"Ukila inakuwa pole kuliko ukivuta"

Hili ndilo lililomponza dada yule, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Ni kweli kwamba anayekula haingizi moshi mapafuni. Hapo hawajakosea. Wanakosea kudhani kwamba pasipo moshi hapana makali. Ukivuta, THC, yaani kemikali inayolevya, hufika ubongoni ndani ya dakika chache, na mtu hujua mapema amefika wapi. Ukila, inapitia tumboni na kwenye utumbo hadi kwenye ini, na ini huigeuza sehemu yake kuwa kemikali nyingine, 11-haidroksi-THC, ambayo huingia ubongoni kwa urahisi na kulevya kwa nguvu zaidi. Safari hiyo huchukua nusu saa hadi saa mbili. Kilele huja baada ya saa mbili hadi nne, na mtu anaweza kubaki amelewa kwa muda wa saa sita, nane, hata kumi na mbili.

Sasa ichukue saa hiyo uiweke kwenye chai ya jioni. Dada alikunywa kikombe cha kwanza saa kumi na moja na nusu. Saa kumi na mbili na robo alikuwa hajasikia chochote, akamcheka kakake kwamba ameuziwa sukuma wiki iliyokaushwa. Akakoroga kikombe cha pili. Ilipofika saa mbili usiku, vikombe vyote viwili vilimshika kwa mpigo.

Jambo hili hili liliwahi kuua. Machi 2014, miezi michache tu baada ya jimbo la Colorado kule Marekani kuruhusu maduka ya bangi, kijana wa miaka 19 mjini Denver alipewa na rafiki yake biskuti moja ya dukani yenye miligramu 65 za THC. Muuzaji alikuwa ameelekeza iliwe kipande kimoja kati ya sita. Alikula kimoja, akangoja kati ya nusu saa na saa nzima, hakuona kitu, akamaliza biskuti yote. Yapata saa tatu na nusu baada ya kipande cha kwanza, akiwa haelewi tena anachofanya, aliruka kutoka roshani ya ghorofa ya nne. Na biskuti ile ilikuwa imepimwa kiwandani, ina maandishi, na muuzaji alikuwa ametoa maelezo. Chai ya Roysambu haina hata kimoja cha hivyo.

"Unga unayeyuka, kwa hiyo chai yote ina nguvu sawa"

Nilifunga kaunta kwa kufuli nikamfuata kijana. Ploti yao ni hatua hamsini tu kutoka hapa. Kikombe cha pili kilikuwa bado mezani. Juu kulikuwa na utando wa mafuta ya maziwa wenye rangi ya kijani iliyofifia. Katikati, chai ya kawaida. Chini, mashapo ya rangi ya matope, kimo cha ukucha wa kidole gumba. Hakukuwa na kilichoyeyuka.

THC haipatani na maji, inapatana na mafuta. Unga ukikorogwa kwenye kinywaji huelea kama vumbi kisha hutuama, na kilichotoka kwenye majani hujishika kwenye mafuta. Funda la kwanza na la mwisho la kikombe kimoja si kitu kimoja. Viwanda vya vinywaji vya bangi huko Kanada na Marekani hutumia mashine kuvunja mafuta hayo kuwa matone madogo mno ili yasambae sawasawa, na baada ya hapo hupima maabara. Mwiko wa ugali haufanyi kazi hiyo. Kwenye unga wa mandazi ni yale yale: ukande mpaka mikono iume, bado andazi moja linaweza kutoka tupu na la pembeni yake likabeba mzigo wa matatu.

"Kijiko kimoja tu ni kidogo"

Tufanye hesabu ya darasa la nne. Kanada, ambako vyakula vya bangi vinauzwa kisheria tangu 2019, pakiti nzima hairuhusiwi kuzidi miligramu 10 za THC. Watafiti wa Marekani waliokuwa wakitafuta kipimo kimoja cha kulinganishia tafiti walipewa miligramu 5 mwaka 2021. Bangi yenye asilimia 10 ya THC ina miligramu 100 katika kila gramu. Kijiko cha chai kinaweza kuchota zaidi ya gramu moja ya unga mkavu. Hata tukisema nusu imepotea njiani, bado kijiko kimoja ni pakiti tano za Kanada.

Na hiyo asilimia 10 nimeichukua kwa mfano tu. Kopo la dada lilikuwa kopo la chai masala lililooshwa, lebo bado ipo, na ndani yake hakuna anayejua kama ni bangi ya Ethiopia iitwayo shashi, ni ya Migori, au ni mchanganyiko wa mabaki ya wiki tatu. Muuzaji wa kichochoroni hana maabara. Jina la sifa analoipa bidhaa yake si kipimo.

Wengine huongeza kwamba chai ikichemka makali huisha. Kinyume chake. Kwenye mmea mbichi sehemu kubwa ya kemikali hiyo iko katika umbo lisilolevya, na joto ndilo huigeuza ikawa THC. Moto wa jikoni hauisafishi bangi.

"Mpe maziwa, mpe ndimu, itakata"

Walikuwa wameshampa vyote viwili: nusu lita ya maziwa, kisha maji ya ndimu nzima bila sukari. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, ameshika kifua. Mapigo yake niliyahesabu: 124 kwa dakika. Aliniuliza mara nne kama mimi ni polisi.

Maziwa hayakati kitu. Mafuta yake yanaweza hata kuisaidia THC kufyonzwa. Ndimu humkunja mtu uso, basi. Kumtapisha baada ya saa mbili hakuna maana, na kama amesinzia anaweza kupaliwa na matapishi. Vidonge vya usingizi na pombe ndivyo vibaya zaidi, kwa sababu vinaongeza ulevi juu ya ulevi. Kwenye rafu zangu sina dawa ya kufuta THC, na hata hospitali haina. Wanachofanya ni kumwangalia mgonjwa, kumtuliza, kumwekea maji ya dripu akihitaji na kuhakikisha anapumua vizuri mpaka ipite.

Kwa mtu mzima aliye macho na anayejibu, kinachosaidia ni chumba tulivu, mtu asiyemwacha peke yake, maji kidogo kidogo, na kulala ubavu. Kifua kikiuma, akipata degedege, akishindwa kuamka, pumzi ikiwa nzito, au akianza kuona vitu na kutaka kutoka nje akimbie, hapo ni hospitali, tena si kwa boda.

Kwa mapigo yale na kule kushika kifua, niliwaambia twende. Kijana akakataa.

"Hospitali watatuitia polisi"

Huu uongo umewaweka watu wengi chumbani kuliko bangi yenyewe. Katiba ya 2010, Ibara ya 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inalinda siri za mgonjwa. Daktari anataka kujua umekula nini, kiasi gani na saa ngapi, kwa sababu mapigo 124 yanaweza pia kuwa ni moyo, ni sukari, au ni kitu kingine kilichochanganywa na unga huo. Ukimwambia "alikula chipsi tu" unamtuma atafute ugonjwa usiokuwepo. Tulienda. Hakuna aliyeita polisi. Muuguzi aliandika, akamlaza, na saa kumi alfajiri dada akaomba chapati.

"Mtoto akilamba kidogo atalala tu"

Hapa sina utani. Yule dada ana mtoto wa miaka mitatu, na kopo la chai masala lilikuwa kwenye rafu ya chini, kando ya sukari. Mwili mdogo, kijiko kile kile. Mtoto anaweza kupoteza fahamu na kupumua kwa shida, na hiyo "kulala tu" ndiyo dalili yenyewe. Marekani, vituo vya ushauri wa sumu viliandikisha watoto 207 wa chini ya miaka sita waliokula vyakula vya bangi mwaka 2017. Mwaka 2021 walikuwa 3,054. Wengi walivikuta nyumbani kwao. Mtoto akionja, msisubiri muone: ni hospitali wakati huo huo, na kopo mlibebe.

"Ni mmea, tena ni dawa ya kifafa"

Mama mmoja wa Githurai aliniuliza kama anaweza kumtilia mwanawe kwenye uji, ameona video. Ilibidi nimketishe. Ipo dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, Epidiolex, kwa aina chache za kifafa kikali cha watoto. Lakini hiyo ni CBD iliyosafishwa, kemikali nyingine ya mmea huo ambayo, tofauti na THC, hailevyi, na mtoto hupimiwa kwa kilo za mwili wake huku daktari akilifuatilia ini. Kuuita unga wa kopo kwa jina hilo ni kama kumpa mtu mbegu za mpapai na kumwambia ni upasuaji. Nilimwomba asiache dawa alizoandikiwa mtoto. Sijui kama alinisikia, maana video ilikuwa na muziki mzuri.

Kwa mjamzito na anayenyonyesha jibu ni fupi: THC hupita kwenye kondo la nyuma, na hupita kwenye maziwa.

"Sheria inakataza kuvuta, si kula"

Tangu kampeni za 2022, ambapo mgombea urais Profesa Wajackoyah aliahidi kuhalalisha bangi, kuna wanaoongea kana kwamba alishinda. Sheria ya dawa za kulevya ni ile ya 1994, iliyofanyiwa marekebisho 2022, na inataja kuvuta, kunusa "au kutumia kwa njia nyingine". Chai imo humo. Kumiliki ni kosa hata kama ni ya kwako mwenyewe, na ukishaanza kuuzia majirani mandazi umehama kutoka kwenye utumiaji hadi kwenye ulanguzi, ambako faini huhesabiwa kwa mamilioni. Mtu anaweza kuona sheria hiyo ni kali kupita kiasi, na marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, aliwahi kutaka kuibadilisha kwa njia ya bunge. Lakini anayekamatwa leo anahukumiwa kwa iliyopo.

Na wale wa "nilimtilia tu ili tucheke": kumlevya mtu bila yeye kujua ni jinai. Hapa kemisti sijawahi kumwona aliyetiliwa akicheka.

"Ukila haionekani kwenye mkojo"

Jumatano yule kijana alirudi, safari hii na viatu. Amepata nafasi ya kazi kwenye godauni moja la Mombasa Road, na watampima mkojo Ijumaa. Kumbe naye alikuwa amekunywa kikombe kimoja siku ile, na alikuwa ameambiwa ukipitisha tumboni kipimo hakioni.

Nilimweleza kwamba kipimo hakitafuti moshi. Kinatafuta mabaki ambayo ini limeacha, na kwa aliyekula ini ndilo lililofanya kazi yote. Mabaki hayo hukaa kwenye mafuta ya mwili na kutoka polepole: siku chache kwa anayetumia mara moja moja, wiki kadhaa kwa wa kila siku. Nikamuuliza yeye yuko kundi gani. Akatazama tangazo la dawa ya minyoo ukutani, akalisoma lote.

"Na nikinywa maji mengi, dokta?"

Nikamwambia maji mengi yatamfanya aende chooni mara nyingi. Alinunua chupa mbili za lita moja na nusu hata hivyo, akalipa kwa M-Pesa, akafungua ya kwanza kabla hajavuka mlango.