Akili hisia si kujikaza kisabuni

Wiki iliyopita kwenye kichen pati, mama aliyealikwa kumfunda mwali alimwambia: "Mwanangu, ndoa inataka akili hisia. Mumeo akirudi saa nane usiku, usimuulize. Mwekee chakula, kaa kimya." Vigelegele vikapigwa. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshamsikia bosi mmoja akimsifu karani wake kwa "akili hisia", kisa tu hajawahi kulalamika. Neno hili linapotea tukiliona.

Maana yake ni fupi: ni uwezo wa kutambua hisia, zako na za mwenzako, kuzitumia katika kufikiri, kuelewa zimetoka wapi, na kuziongoza. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliifafanua dhana hii katika makala ya mwaka 1990, na mwaka 1997 wakaipanga katika stadi hizo nne. Kati ya miaka hiyo miwili akatokea mwandishi wa habari, Daniel Goleman, ambaye kitabu chake cha 1995 kiliifikisha hadi maofisini na majumbani. Angalia mpangilio: kuongoza kunakuja mwisho. Sisi tumekimbilia huko huko mwisho, tena tukakugeuza kuwa kuzima.

Nadhani neno akili lenyewe limetuponza. Limetoka kwenye Kiarabu, 'aql, mzizi mmoja na 'iqal, kamba ya kumfunga ngamia mguu asitoroke. Basi mtu akisikia "akili hisia" anaona hisia zimepigwa kamba. Lakini ngamia hufungwa ili mwenyewe amkute asubuhi, safari iendelee. Na kuhisi, kwa Kiswahili chetu, ni kugundua pia: "nahisi kuna mtu nje." Hisia inaleta habari, na mwenye akili huisikiliza kwanza.

Kuna neno jingine linalonigusa zaidi. Tunasema "hasira hasara" kana kwamba maneno hayo ni ndugu. Si ndugu. Hasara ni khasara, kupoteza. Hasira inatokana na hasra, ambayo kwa Waarabu ni majonzi, majuto. Hasira yenyewe wao huiita ghadab, ile ghadhabu yetu. Tangu nilipojua hivyo, kila nikiona mtu amekasirika najiuliza amehuzunishwa na nini.

Mrudie yule mwali, saa nane usiku, macho kwenye mlango. Ukimuuliza atasema ana hasira. Mkae kidogo, utakuta ni hofu, maana mume amepanda bodaboda na simu haipatikani. Au ni upweke. Au ameona amedharauliwa. Haya ni mambo matatu, na kila moja lina maneno yake: hofu inaombwa simu, upweke unaombwa muda, dharau inaitiwa kikao. Ukimya unayatia yote chungu kimoja na kukifunika, na kinachopikika humo tunakijua kwa jina, ni kinyongo.

Na mume je? Stadi ya kwanza ni kutambua hisia za mwenzako pia. Anayeikuta sahani imefunikwa, akauliza "vipi?", akajibiwa "hamna kitu" kwa sauti kavu, kisha akala na kulala, huyo ndiye aliyehitaji somo. Sijawahi kuona mwanaume akifundwa hilo kwa vigelegele.

Simlaumu yule mama. Uvumilivu umelea wengi wetu, na una majina yake mazuri: subira, stahamala, ustahimilivu. Kwa hiyo, mama, ukikusudia mwali anyamaze, mwambie "stahamili". Atajua anachoombwa na ataamua mwenyewe. Ila ukimwambia awe na akili hisia, basi mfundishe na sentensi ya kusema asubuhi, chai ikiwa mezani, sauti ikiwa chini: "Mume wangu, jana simu yako haikupatikana, niliogopa sana."