Mkandarasi aliyesajiliwa: maana yake nini hasa, na inakulinda na nini

Bango la saiti watu wanalipita tu. Mwenye mradi fulani, mbunifu majengo fulani, mhandisi mshauri fulani, mkandarasi fulani na daraja lake, na wengi wakishaona neno "aliyesajiliwa" wanajua basi hapo mambo yako sawa. Yako sawa kwa kiasi. Usajili unajibu swali moja, kwamba hii kampuni inaruhusiwa kushika kazi ya ukubwa huu. Haujibu leo zege linamwagwa na nani, na nani kasimama pale anaangalia, na hapo katikati ndipo majengo yanapodondokea.

Tuanze na usajili wenyewe. Kwa Tanzania Bara anayesajili ni Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ile wanayoiita CRB, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1997. Mwaka huo huo ikatoka na sheria ya wahandisi, ambao wana bodi yao ERB, na wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, wale wanaopiga hesabu za gharama, nao wana ya kwao AQRB. Watu wanazichanganya hizi bodi lakini kila moja inashika mtu tofauti: mmoja anachora, mwingine anapiga hesabu za nguzo na nondo, mwingine anajenga. Mkandarasi wa majengo anapangwa kuanzia daraja la saba, la chini kabisa, mpaka la kwanza, na kila daraja lina kikomo cha thamani ya kazi moja anayoweza kuchukua isipokuwa la kwanza ambalo halina kikomo. Wanachoangalia ni mtaji, vifaa, uzoefu na kama kampuni ina mtaalamu wa kueleweka ndani yake, siyo mfanyabiashara tu mwenye koti na simu mbili. Ni kama leseni ya gari, mwenye daraja la pikipiki hapewi basi la abiria hata kama anajiamini vipi.

Sasa tatizo la kwanza kila mtu wa saiti analijua ila halisemwi kwa sauti: leseni inakodishwa. Kampuni ya daraja la juu inaomba kazi, inashinda, inaweka jina kwenye bango, halafu kazi anafanya mtu mwingine kabisa ambaye hana daraja hilo au hana usajili wowote, na mwenye jina anachukua asilimia yake anakaa pembeni. Kisheria kufanya ukandarasi bila usajili ni kosa. Ila ukifika saiti ukauliza "mkandarasi yuko wapi" unaletewa fundi mkuu ambaye hajawahi hata kumuona huyo mwenye kampuni, na ukiniuliza mimi hicho ni kipimo kizuri kuliko cheti kilichotundikwa ofisini. Kama kampuni ya kwenye bango haina hata mtu wake mmoja anayelala na kuamka na ile kazi, ule usajili ni karatasi.

Ndo tunakuja kwenye usimamizi, ambao kwa maoni yangu ndio nusu kubwa ya jambo zima. Saiti iliyokaa vizuri ina watu wa pande mbili. Kuna upande wa mkandarasi, yaani saiti injinia na foromani, hawa kazi yao ijengwe na ijengwe haraka. Halafu kuna upande wa mwenye mradi, mhandisi mshauri na mtu wake anayeshinda pale kila siku akiangalia, na huyu hatakiwi kulipwa na mkandarasi wala kula naye sahani moja kwa sababu kazi yake kubwa ni kusema hapana. Anasema hapana lini? Kabla vitu havijafunikwa. Msingi ukishachimbwa anaingia kuangalia udongo kabla ya kitu chochote kuwekwa, nondo zikishafungwa anahesabu na kupima kabla ya zege, kama mchoro umesema milimita 16 na yeye anaona 12 hapo kazi inasimama, anaangalia nafasi kati ya nondo na mbao za kumwagia zege maana nondo ikigusa mbao baadae itakuja kukaa nje ipigwe na unyevu na kutu, anaangalia mirunda, zile nguzo za miti zinazoshikilia mbao, imesimama kwenye kitu kigumu au imesimama kwenye tope. Zege likishamwagwa hamna tena cha kuangalia, imeisha, utakachoona ni ukuta mzuri uliopakwa rangi.

Na zege lenyewe lina ushahidi wake. Siku ya kumwaga wanajaza vile viboksi vya chuma, kyubu, zinakaa kwenye maji halafu zinaenda maabara kuvunjwa, kawaida siku ya 7 na siku ya 28. Zege la C25 maana yake likifika siku 28 kyubu iweze kubeba nguvu ya nyutoni 25 kwa kila milimita moja ya mraba kabla haijapasuka, na siku ya 7 huwa liko kama theluthi mbili ya nguvu yake, kwa hiyo ukiona siku ya 7 limelala chini sana unajua mapema kuna mtu kacheza na ratio ya mchanganyiko. Mara nyingi siyo hata wizi wa saruji, ni maji. Vibarua wamechoka, zege zito, mtu anaongeza ndoo mbili za maji liteleze vizuri, na pale pale nguvu inashuka na hamna anayeona. Kuna na hii ya kung'oa mirunda ya slebu, ile sakafu ya zege ya ghorofa, mapema kwa sababu mbao zimekodishwa na zinadaiwa, au zinahitajika ghorofa ya juu. Mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema "haing'olewi mpaka nimeona majibu ya kyubu" anazuia mengi kuliko sheria kurasa mia.

Ukitaka kuona vyote hivi vikifeli kwa pamoja, angalia jengo la mtaa wa Indira Gandhi, Dar, Ijumaa Kuu tarehe 29 Machi 2013. Ghorofa 16 zilikuwa bado zinajengwa zikaanguka asubuhi na watu zaidi ya 30 wakafa, na iliripotiwa kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa chache kuliko zile. Fikiria vizuri hiyo, ghorofa hazijengwi usiku mmoja, kila slebu ina wiki zake, kila slebu ilipandishwa katikati ya jiji mchana kweupe. Watu kadhaa wakafikishwa mahakamani, kuanzia upande wa mwenye mradi na wa ujenzi mpaka wa manispaa. Ndio maana mimi nikisikia "sheria zetu mbovu" huwa nauliza ipi, kwa sababu sheria ya kibali ilikuwepo na bodi zilikuwepo.

Kenya wameongeza kitu kimoja ambacho nakipenda. Mamlaka yao ya ujenzi, NCA, iliyotokana na sheria ya mwaka 2011, haisajili makandarasi peke yake, ambao wao wanawapanga NCA 1 mpaka NCA 8, inatakiwa pia kuwatambua mafundi wenye ujuzi na wasimamizi wa saiti. Yaani yule foromani mwenyewe awe na karatasi yake. Haikuzuia Huruma, ile nyumba ya Nairobi iliyoanguka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 baada ya mvua kubwa ikaua watu karibu 50, ila wazo la kushuka mpaka kwa mtu anayeshika kazi ni zuri kuliko kuishia kwa mwenye kampuni.

Mpaka hapa nimesema jengo tu, lakini kuna na wanaolijenga. Huku Tanzania wanaohusika ni OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, sheria yake ni ya 2003, na saiti ya ujenzi nayo ni mahali pa kazi kama kiwanda. Watu wanadhani usalama ni helmeti na reflekta. Helmeti haikusaidii ukidondoka ghorofa ya nne kwenye jukwaa la mirunda iliyofungwa kwa misumari ya kuokoteza, kinachokusaidia ni kizuizi cha pembeni na mkanda uliofungwa mahali. Na mashimo ndo usiseme. Udongo wa kichanga unasimama wima asubuhi, mchana ukikauka au lori likipita karibu unashuka wote, na mita moja ya ujazo ya udongo ni tani moja na nusu au zaidi, aliyefukiwa mpaka kifuani hawezi kupumua hata kama kichwa kiko nje. Dawa yake inajulikana: mteremko au mbao za kuzuia, na kifusi kiwekwe mbali na mdomo wa shimo. Inarukwa kwa sababu ni gharama ambayo haionekani kwenye jengo likiisha.

Eneo ambalo naona mfumo mzima hauoni vizuri ni ukarabati. Kibali, bango, stika, ukaguzi, vyote vimekaa kwa ajili ya jengo jipya. Kariakoo, tarehe 16 Novemba 2024, lililoanguka lilikuwa jengo la biashara lililokuwa linatumika, Jumamosi asubuhi watu wako madukani, waliokufa walizidi 20, na iliripotiwa kwamba kulikuwa na kazi ya kuchimba chini kupanua sehemu ya maduka. Serikali ikaunda kamati kukagua majengo ya eneo lile. Sasa mtu anayegusa nguzo au msingi wa jengo ambalo watu wako ndani anafanya kazi ngumu kuliko anayejenga kiwanja kitupu, lakini kwa mazoea yetu hiyo ndo kazi ya kuita fundi yeyote na nyundo, jioni maduka yakifungwa.

Na nyumba ya kawaida ya mtaani je, ghorofa moja ya familia, ambayo kiukweli inajengwa na fundi na saidia fundi wawili? Huyo mwenye nyumba hana hela ya mhandisi wa kushinda pale kila siku na hamhitaji. Anachoweza ni kuelewana na mhandisi aliyesajiliwa na ERB, namba yake inahakikiwa, alipwe kwa ziara: msingi ukiwa wazi, nondo za nguzo na bimu zikishafungwa, siku moja kabla ya slebu, na kabla ya kung'oa mirunda. Ziara nne. Muambie fundi tangu siku ya makubaliano, mbele ya mhandisi, kwamba zege haimwagwi kabla ya ziara na malipo ya hatua hiyo hayatoki bila saini, kwa sababu ukija kulisema siku mixer imeshafika saiti na vibarua 20 wamesimama, hutasikilizwa.