Gita haijasema "matokeo usiyajali"

"Fanya kazi, matokeo usiyajali." Ningeruhusiwa kupiga marufuku sentensi moja tu darasani kwangu, ningeanza na hii, ambayo watu wanadai imetoka Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu ambamo mungu Krishna anamfundisha shujaa Arjuna kabla ya vita. Wanafunzi wanakuja nayo mfukoni. Wengine wamelelewa nayo nyumbani, wengine wameiokota kwenye mazoezi ya yoga, wengine wametumiwa na shangazi kwa WhatsApp ikiwa na picha ya Krishna na jua linachomoza. Na karibu wote wanaitumia kujitetea. Aliyefeli mtihani ambao hakuusomea anaitoa. Fundi aliyemlipulia mteja kazi anaitoa. Juzi imetolewa na mfanyabiashara wa spea za magari, mtu mzima, aliyeagiza mzigo bila kupiga hesabu ya ushuru wala kuuliza sokoni kama spea hizo bado zinatafutwa. Mzigo umelala stoo, riba ya mkopo inapanda, naye ananiambia kwa utulivu kabisa: "Mwalimu, yangu ni kazi tu. Matunda si yangu. Si ndivyo alivyosema Krishna?"

Sivyo alivyosema.

Shloka, yaani ubeti, inayosingiziwa ni ya 47 katika sura ya pili. Ina vipande vinne, na watu wanakariri viwili vya mwanzo kisha wanafunga kitabu. Kwa ukamilifu inasema hivi: haki yako iko kwenye kazi, kamwe si kwenye matunda yake, usitende kwa kusukumwa na matunda, wala usipende kukaa bila kutenda. Hicho kipande cha mwisho ndicho kinachomhusu ndugu yetu wa spea, na ndicho hajawahi kukisikia, ingawa shloka yenyewe anaijua kwa ghibu tangu utotoni.

Zamani nilikuwa nabishana. Siku hizi namfungulia mtu sura ya 18, shloka ya 25, namwambia asome mwenyewe kwa sauti. Pale Krishna anazigawa kazi kwa guna tatu, yaani silika tatu za maumbile, na ile ya chini kabisa, ya tamas (giza na uzito), anasema ni kazi inayoanzwa kwa kupumbaa, bila kuangalia itazaa nini, itapoteza nini, itamuumiza nani, na kama anayeianza anaiweza. Mfanyabiashara wangu aliisoma, akairudia polepole, akauliza kama tafsiri yangu haina makosa. Nikampa nyingine mbili. Zote zilimwambia hilohilo. Basi kutojali matokeo, ambako watu wanakupamba kama kilele cha yoga, Gita yenyewe imekuweka daraja la mwisho. Teremka mpaka shloka ya 28 umkute mtendaji wa tamas na sifa zake: mvivu, mwenye kukata tamaa, mwenye kusogeza mambo mbele. Panda kidogo, shloka ya 26, umkute wa sattva, guna ya juu: hajinasishi, hajisifu, ana uthabiti na ari, akifaulu au akishindwa habadiliki. Ari, jamani. Hakuna mahali Krishna amemsifu mzembe.

Kosa linaanzia hapa: watu wanasoma shloka bila kujiuliza aliyekuwa anaambiwa ni nani. Arjuna hakuwa mtu wa kubahatisha. Ametoka kwenye uhamisho, miaka 12 msituni na mmoja wa kujificha, na katika miaka hiyo alipanda Himalaya akajitesa kwa tapas, mazoezi makali ya kujinyima, mpaka mungu Shiva akampa silaha yake. Kitabu cha tano cha Mahabharata (utenzi ambao Gita ni sehemu yake), Udyoga Parva, karibu chote ni maandalizi. Wajumbe wanakwenda na kurudi, washirika wanatafutwa, Krishna mwenyewe anasafiri hadi Hastinapura kuomba amani, na Pandava, yaani Arjuna na ndugu zake, wako tayari kuridhika na vijiji vitano tu. Duryodhana, binamu na mpinzani wao, anakataa kutoa hata ardhi ya kuchomeka ncha ya sindano. Majeshi yanahesabiwa, akshauhini (vikosi vikubwa) 7 upande huu, 11 upande ule. Ndipo katika kitabu cha sita tunaifikia Gita. Kwa hiyo aliyeambiwa asishike matunda alikuwa amemaliza hesabu zake zote.

Na tatizo lake, gari lilipofika katikati ya majeshi mawili, lilikuwa kuyajali matokeo kupita kiasi. Isome sura ya kwanza uone: ukoo utaangamia, mababu watakosa sadaka zao za mchele na maji, dhambi itatushika. Kinywa kinamkauka, ngozi inawaka, upinde wa Gandiva unamponyoka mkononi. Dawa aliyopewa ni ya mtu aliyegandishwa na hofu ya kesho. Ukimpa dawa hiyo mtu ambaye kesho hajawahi kuifikiria hata dakika moja, unamwongezea ugonjwa.

Basi kwa nini matunda yasiwe haki yangu, kama nimetoa jasho? Swali zuri, na jibu lake si fumbo la kiroho. Liko sura hiyohiyo ya 18, shloka ya 14. Tendo lolote lina visababu vitano: mwili unaolibeba, mtendaji, vyombo anavyotumia, juhudi za namna mbalimbali, na cha tano ni daiva, yale yaliyo nje ya mkono wa binadamu. Meli imechelewa, shilingi imeshuka, kodi imebadilishwa katikati ya mwaka, hayo yote tia humo. Shloka mbili mbele Krishna anasema anayejiona yeye peke yake ndiye mtendaji, huyo haoni. Ila visababu vinne vya kwanza viko kwako au karibu yako, na aliyevipuuza asije kwangu kukisingizia cha tano.

Namna ninavyofundisha kuishi na shloka hii ni rahisi, na wanafunzi wanalalamika kwamba ni rahisi mno. Kabla ya kuanza, matokeo yajali sana: piga hesabu, weka tarehe, waulize wanaojua. Ukishaanza, akili ibaki kwenye kazi. Ikishatoka mikononi mwako, pokea kitakachokuja bila kujigamba na bila kujifungia chumbani siku tatu. Halafu asubuhi yake kaa na daftari uangalie palipovuja. Hilo la daftari si la Krishna, ni langu, na sitaliacha.

Mengine watu wanayoisingizia Gita nitayapitia mbiombio.

Lile bango linalosema kilichotokea kimetokea kwa heri, kitakachotokea nacho kitakuwa heri, ulikuja na nini hata ulie umekipoteza. Limetundikwa madukani na kwenye kliniki kote India, na huku kwetu pia utalikuta nyuma ya kaunta, likiitwa muhtasari wa Gita. Pitia shloka zote 700, hutayakuta maneno hayo. Ni ya kufariji tu, hayana ubaya, lakini usimwendee mama aliyefiwa na mtoto ukamwambia Krishna ndiye aliyeyasema.

Wengine wanasema Gita ni ya wazee na ya msibani. Ni kweli husomwa msibani, maana sura ya pili inazungumzia nafsi isiyokatwa na silaha wala kuunguzwa na moto, na sura ya nane inasema kile mtu anachokikumbuka saa ya mwisho ndicho anachokiendea. Watu wakasikia "saa ya mwisho" wakaiweka Gita kabatini mpaka mgonjwa apewe siku zake. Wangesoma shloka inayofuata, ya 7: kwa hiyo nikumbuke wakati wote, na upigane. Arjuna hakuwa mahututi, alikuwa kazini.

Wazazi wananiuliza kama kijana wao akiisoma sana ataacha kazi na kukimbilia pangoni. Naelewa hofu hiyo, ila mambo ni kinyume chake. Aliyetaka kuacha yote akaishi kwa kuomba chakula ni Arjuna, sura ya pili, shloka ya 5, na Krishna ndiye aliyemkatalia. Kuacha shughuli na kutenda kwa moyo wa yoga vyote vinafikisha, anasema sura ya tano, lakini kutenda ni bora. Mfano anaoutoa ni wa mfalme, Janaka, aliyefikia ukamilifu kwa njia ya kutenda. Na kijana anayefunga kula mpaka anazimia darasani namwelekeza sura ya sita, shloka ya 16: yoga si ya anayekula mno, wala ya asiyekula kabisa, wala ya anayelala mno au anayekesha.

Kuhusu vita sitamdanganya mtu. Krishna anamwambia Arjuna apigane, waziwazi, na zaidi ya mara moja. Tilak, mpigania uhuru wa India, akiwa mfungwa Mandalay, Burma, mwaka 1910 na 1911, aliandika ufafanuzi mkubwa akiisoma Gita kama mwito wa kutenda humu duniani. Gandhi, aliyeitafsiri kwa Kigujarati, aliona Kurukshetra, uwanja wa vita hivyo, ni moyo wa binadamu, na kwamba mtu hawezi kuishi Gita sawasawa huku anaua. Wote wawili walikuwa wanapinga utawala uleule wa Waingereza. Wote wawili walikuwa wameisoma kuliko mimi na wewe. Ahimsa, kutodhuru, nayo imo katika orodha za sifa njema za Gita, kwa mfano mwanzoni mwa sura ya 16. Anayekuambia jambo hili ni jepesi, upande wowote ule, hajalikalia. Ninachokataa ni mtu mwenye ugomvi wa kiwanja kujiita Arjuna. Arjuna alikuwa analia kwa sababu hakutaka kupigana. Na baada ya mafundisho yote Krishna hakumlazimisha, alimwambia alitafakari lote kisha afanye apendavyo.

La mwisho: kwamba bila Kisanskriti huambulii kitu. Jnaneshwar, mtakatifu wa Kihindu, aliifafanua kwa Kimarathi mwaka 1290, tena akiwa kijana mdogo, ili watu wa kawaida waielewe. Gandhi mwenyewe aliianza kwa Kiingereza, akiwa mwanafunzi wa sheria London, akisoma na Waingereza wawili, huku anaona haya kwamba hajawahi kuisoma kwa lugha za kwao. Soma kwa lugha unayogombania nayo nyumbani. Na usianze na sura ya kwanza, utachoshwa na majina ya mashujaa na baragumu zao. Anza na shloka za 54 hadi 72 za sura ya pili, zilizokuwa zikisomwa kila jioni kwenye ashram, makao ya kiroho, ya Gandhi. Ni 19 tu, na zinaanza na swali la Arjuna: mtu aliyetulia anasemaje, anakaaje, anatembeaje?

Shloka moja kwa siku inatosha. Ukifika ya 62 na 63, simama wiki nzima. Humo mna mnyororo: kuwaza kitu kunaleta kunasa, kunasa kunaleta tamaa, tamaa hasira, hasira upumbavu, upumbavu kusahau, kusahau kunavunja akili, na hapo mtu ameangamia. Chukua ugomvi mmoja uliougombana karibuni, uandike kiungo kwa kiungo, kisha utafute ungeweza kuukata wapi. Darasani kwangu karibu kila mtu anaanza kwa kuonyesha hasira. Wakirudi kuandika mara ya pili, kalamu inapanda mpaka kiungo cha kwanza au cha pili.