Magogo kijitoni: tundu la chini ndilo lenye kazi

Mtu akikuta magogo yamelazwa kukingama kijito, hudhani ni bwawa. Akiinama akaona maji yanapita chini yake bila shida, huona fundi kalipua kazi. Tundu hilo sisi wa haidrolojia, elimu ya mwenendo wa maji, huliacha makusudi.

Siku za kawaida maji hupita chini ya magogo, na samaki nao hupita. Mvua kubwa ikinyesha na kijito kikapanda, ndipo maji yanapogonga magogo, yanajaa nyuma yake, yanavuka kingo na kutandaa msituni au kwenye malisho. Hukaa huko kwa saa kadhaa, kisha hurudi mtoni taratibu. Mvua ikikatika, nyuma ya kizuizi panakauka na kusubiri mvua nyingine. Ukikiziba kabisa kitakuwa kimejaa tangu wiki iliyopita, na mvua mpya haitapata pa kukaa.

Maji yenyewe karibu hayapungui. Tunachobadilisha ni saa ya kufika. Mji hufurika pale maji ya vijito vingi yanapofika kwa pamoja. Yakija kwa zamu, kilele, yaani kimo cha juu kabisa cha maji, kinashuka. Kwa sababu hiyo kizuizi kikiwekwa mahali pasipofaa kinaweza kuleta madhara: ukichelewesha kijito ambacho kwa kawaida hutangulia, unaweza kukikutanisha na kilele cha mto mkuu. Kabla ya kukata gogo, chora ramani ya bonde zima na ujue kila kijito hufika saa ngapi.

Mfano ninaoupenda ni Pickering, mji mdogo wa North Yorkshire, Uingereza. Kati ya 1999 na 2007 ulifurika mara nne, na mafuriko ya 2007 pekee yaliacha hasara ya takriban pauni milioni 7. Kuta za zege katikati ya mji zilionekana ghali mno. Mwaka 2009 ukaanza mradi ulioongozwa na taasisi ya Forest Research: zaidi ya vizuizi 150 vya magogo vikawekwa kwenye vijito vya eneo hilo, mifereji ya nyikani ikakingwa kwa matita ya vichaka, miti ikapandwa kwa maelfu. Juu ya mji, bonde la Newtondale likapata tuta la udongo linaloweza kushika kama mita za ujazo 120,000.

Desemba 2015, sikukuu za Krismasi, ilinyesha milimita 50 hivi ndani ya saa 36, na mji haukufurika. Tathmini ilikadiria kuwa kilele cha mto kilipungua kwa asilimia 15 hadi 20, na karibu nusu ya upungufu huo ilitokana na tuta. Kwa hiyo wanaosema "magogo yameokoa mji" wanapunja hesabu. Magogo hufaa kwa mvua ndogo na za kati. Ikija ile ya kutisha kweli, nafasi yote hujaa mapema na kilele hupita juu yake.

Adui mkubwa ni gogo kung'oka na kwenda kuziba kalvati. Tumia magogo marefu, angalau mara moja na nusu ya upana wa kijito, uyabane kwenye miti iliyo hai ukingoni. Usiweke karibu na daraja, wala kwenye mto mkubwa.

Naulizwa sana kama yangefaa Machakos au Kitui. Kule mito ya msimu hubeba mchanga mwingi, na nyuma ya kizuizi pangejaa upesi. Wenyeji huutumia mchanga huohuo: hujenga ukuta wa mawe na saruji, mchanga ukajaa, wakachota maji ndani yake wakati wa kiangazi. Lengo lao ni maji ya kunywa, na hesabu yake ni nyingine kabisa.

Mbao nazo huoza. Baada ya kila mvua kubwa lazima mtu apite kijitoni kukagua magogo yaliyolegea na takataka zilizoziba tundu, na katika bajeti nyingi ninazoletewa nizipitie, malipo ya mtu huyo hayamo.