Akademia ya Kifalme ya Paris haikubuniwa na Louis wa 14

Imezoeleka kusimuliwa kwamba Louis wa 14 wa Ufaransa ndiye aliyebuni Akademia ya Kifalme ya Uchoraji na Uchongaji ili sanaa imtukuze. Hata hivyo, ilipoanzishwa mwaka 1648, mfalme huyo alikuwa mtoto wa miaka 9, na waliopeleka ombi kwenye baraza lake walikuwa wasanii wenyewe, akiwamo Charles Le Brun, waliotaka kujinasua kutoka katika chama cha mafundi kilichodhibiti uchoraji mjini Paris na kuwaweka kundi moja na mafundi wa kupaka dhahabu. Mkono wa dola ulikaza baadaye, hasa miaka ya 1660, Colbert, waziri wa mfalme, alipoipanga upya. Na hapo, kusema kweli, utukuzaji haukukosekana.