Dawa ya kisukari inayotia sukari kwenye mkojo

Mgonjwa ameanzishiwa dawa mpya ya kisukari. Baada ya wiki chache sukari ya damu imeshuka vizuri, lakini akipimwa mkojo, sukari imejaa. Anaingiwa na hofu: je, ugonjwa umezidi? Hapana. Dawa inafanya kazi iliyotumwa. Ili tuelewane, inabidi nianzie mbali kidogo, kwenye utumbo, na kwa mtu aliyeuchunguza kwa miaka mingi, Robert Crane.

Crane alikuwa mwanabiokemia Mmarekani, aliyezaliwa mwaka 1919. Akiwa St. Louis alijiuliza: sukari ya chakula inavukaje utando wa seli za utumbo? Utando huo ni wa mafuta, na sukari haipenyi kwenye mafuta. Tena seli huendelea kuivuta hata pale ambapo ndani imeshajaa kuliko nje. Wakati huo iliaminika kwamba lazima sukari ifungwe kwanza kwenye kemikali iitwayo fosfeti ndipo ivuke. Miaka ya 1950 Crane alitumia sukari zilizobadilishwa umbo zisiweze kufungwa hivyo, akazijaribu kwenye utumbo wa hamster. Zikavuka. Kwangu mimi hapo ndipo penye ubora wa kazi yake: hakubishana na dhana ile kwa maneno, aliitafutia jaribio ambalo lazima lingeikubali au kuiangusha.

Agosti 1960, katika mkutano wa wanasayansi mjini Prague, alieleza jibu lake. Seli hutumia nguvu kuitoa nje sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, hivyo sodiamu muda wote inatafuta njia ya kurudi ndani. Kwenye utando kuna protini ya kuipitisha, ila haipiti peke yake. Hupita pamoja na glukosi, yaani sukari ya damu. Kwa lugha ya barabarani, sukari inapewa lifti na sodiamu.

Kila mama aliyewahi kukoroga ORS kwa mtoto anayeharisha ameitumia kanuni hiyo. Chumvi na glukosi vikifika utumboni kwa kipimo sahihi huingia pamoja, na maji huvifuata. Hata kipindupindu, pamoja na ukali wake, hakiuzibi mlango huu. Ndiyo maana maji matupu hayatoshi, na ndiyo maana ile sukari si ya kuleta ladha tu.

Figo nazo zina milango ya namna hiyo. Kwa siku figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za maji ya damu, yenye glukosi kama gramu 180, na karibu yote hurudishwa mwilini. Sehemu kubwa, kama asilimia 90, hurudishwa na protini iitwayo SGLT2. Iliyobaki huokotwa na ndugu yake SGLT1, ambayo ndiyo ile ya utumboni. Mwaka 1987 kundi la Ernest Wright wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, lilifanikiwa kuipata jeni ya SGLT1, na kile ambacho Crane alikichora kwa hoja kikawa kitu cha kushikika.

Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, uchapakazi huo wa figo unageuka hasara, kwa sababu zinairudisha sukari ambayo damu tayari imeelemewa nayo. Tangu karne ya 19 ilijulikana kwamba florizini, kemikali inayopatikana kwenye gome la mti wa tufaha, humfanya mtu akojoe sukari. Lakini haikufaa kuwa dawa: utumbo huivunja, na huziba hata mlango wa SGLT1. Wanakemia waliibadilisha ikalenga SGLT2, wakapata dawa ambazo majina yake huishia na gliflozin, kama dapagliflozin na empagliflozin. Hutoa gramu 60 hadi 80 za sukari kwa siku kwa mkojo, yaani vijiko vya chai kama 15. Baadaye ikaonekana kwamba zinalinda pia moyo na figo, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu. Natamani bei yake ingeshuka, maana wengi wanaozihitaji bado hawazimudu.

Zina tahadhari zake. Mkojo wenye sukari hulisha fangasi, kwa hiyo usafi wa sehemu za siri ni wa lazima, na muwasho usifichwe kwa aibu. Ukitapika, ukishindwa kula, au ukitarajia upasuaji, mwone daktari, kwani damu inaweza kujaa asidi hata sukari ikiwa haijapanda sana. Anayekusudia kufunga Ramadhani azungumze na daktari mapema. Na unapopelekwa kupima mkojo, mtajie mhudumu wa maabara jina la dawa unayotumia kabla hajaanza. Maendeleo yako yasomwe kwenye damu.