Senti 75 zilizopotea na seva zetu za Mtwara

Msimu mmoja wa korosho, mama karani wa chama cha msingi huko Tandahimba alinipigia simu alfajiri, chai yangu bado ya moto. "Mwanangu, daftari langu na kompyuta yenu vimepishana kilo mbili. Mimi sifungi hesabu." Ghala lake lilikuwa limejaa magunia hadi mlangoni, na kilo mbili katika mzigo ule, mtu mwingine angezisamehe. Niliacha chai.

Kazi yangu ni kutunza seva, yaani kompyuta zinazohifadhi hesabu za vyama kadhaa vya wakulima: uzito kutoka kwenye mzani, stakabadhi ya ghala, bei ya mnada, makato, malipo. Zimekaa Mtwara mjini, kwenye chumba kidogo chenye kiyoyozi na betri za kuvusha dakika chache umeme ukikatika. Asubuhi ile nilifungua logi, yaani kumbukumbu ambazo seva hujiandikia yenyewe: nani kaingia, saa ngapi, kutoka wapi, kagusa nini. Uzito wa mkulima mmoja ulikuwa umebadilishwa saa tano na dakika kumi usiku, kwa jina la karani ambaye saa hiyo alikuwa msibani Newala na watu wote walimwona. Mtu alikuwa ameijua nywila yake. Zile kilo mbili zilikuwa za kupima kina cha maji. Zisingeonekana, safari ya pili lingeondoka gunia zima.

Ndiyo maana vijana wanaokuja kujifunza kwangu siwaanzishi na programu yoyote. Nawaanzisha na senti 75.

Agosti 1986, katika maabara ya Lawrence Berkeley kule California, mwanaastronomia Clifford Stoll alihamishiwa kitengo cha kompyuta. Wakati ule kila mtumiaji alilipia muda wa kompyuta, na hesabu za mwezi zilipishana kwa senti 75 tu. Alipewa kazi ya kuzitafuta. Alikuta mtumiaji aliyetumia sekunde chache bila kulipa, jina ambalo halikuwa na mwenyewe. Angeweza kulifuta akaenda zake. Badala yake aliazima mashine za kuchapa, akaziunganisha kwenye laini za simu zilizoingia maabara, ili kila herufi anayoiandika mgeni ichapwe kwenye karatasi bila mgeni kujua. Baadaye akatengeneza mafaili ya uongo yenye sura ya siri za kijeshi, mgeni akae muda mrefu kwenye laini mpaka simu ifuatiliwe. Njia iliishia Hannover, Ujerumani Magharibi, kwa Markus Hess, aliyekuwa akiiuzia KGB, shirika la ujasusi la Sovieti, alichokipata. Leo seva za mtego ni fani kamili ya ulinzi wa mitandao. Yule aliyekuwa miongoni mwa wa mwanzo kuitumia mbinu hiyo alikuwa akidai senti 75.

Sasa nirudi kwenye nywila ya karani wetu. Ilikuwa neno korosho likifuatwa na mwaka, na makarani wengine wawili walikuwa na hiyohiyo. Hapa ndipo ninapopenda kueleza chumvi.

Seva yenye akili haitunzi nywila yako. Inaipitisha kwenye hesabu ya upande mmoja inayoitwa heshi, na kutunza kinachotoka. Ni kama muhogo: ukishakuwa unga haurudi kuwa muhogo. Ukija kesho na nywila yako, seva inaitwanga upya na kulinganisha unga na unga. Lakini muhogo mmoja hutoa unga uleule. Makarani watatu wenye nywila moja watakuwa na heshi tatu zinazofanana kama mapacha, na mwizi akivunja moja amevunja zote. Tena anaweza kutwanga kamusi nzima mapema, akaja na orodha yake tayari, akalinganisha tu.

Robert Morris na Ken Thompson, waliokuwa wakifanya kazi kwenye Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, katika maabara za Bell, waliandika kuhusu hili mwaka 1979. Walikusanya nywila 3,289 za watu halisi na kukuta 86 kwa 100 zinakisiwa kirahisi: herufi mbili, herufi tatu, maneno ya kwenye kamusi. Dawa yao waliiita chumvi. Kabla ya kutwanga, mfumo unaongeza kwenye kila nywila namba ya bahati nasibu, na namba hiyo inatunzwa pembeni ya heshi bila kufichwa. Chumvi yao ilikuwa na uwezekano 4,096, hivyo orodha ya mwizi iliyotwangwa mapema ililazimika kuwa kubwa mara 4,096. Makarani watatu wenye nywila moja sasa wana heshi tatu tofauti kabisa. Sisi wa pwani ya Lindi na Mtwara, wenye mashamba ya chumvi kando ya bahari, neno hili halitupi taabu: chungu kimoja, viganja tofauti, ladha tofauti.

Jambo la pili walilofanya ni kuipunguza kasi hesabu yenyewe kwa makusudi, wakairudia mara 25. Anayeingia kazini hahisi. Anayekisia mara milioni anaumia. Mwaka 1999 Niels Provos na David Mazières walileta bcrypt, heshi ambayo msimamizi mwenyewe anaongeza uzito wake kadiri kompyuta zinavyozidi kuwa na nguvu. Sijui kwa nini bado nakutana na mifumo mipya, iliyonunuliwa kwa fedha za wakulima, inayotunza nywila zikiwa zimeandikwa waziwazi. Hilo linaniudhi kweli. Elimu hii ina zaidi ya miaka 40 na haiuzwi.

Chumvi ingechelewesha wizi wa faili la nywila, ila haimzuii aliyekaa njiani. Zamani tuliingia kwenye seva za mbali kwa telnet, na telnet husafirisha kila kitu wazi, nywila ikiwemo. Ni sawa na kumtajia wakala namba yako ya siri kwa sauti ndani ya basi la Masasi. Mwaka 1995 mtu alitega programu ya kunasa nywila kwenye mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki. Mtafiti wa hapo, Tatu Ylönen, alikaa akaandika SSH, programu ya kuingia kwenye seva za mbali kwa usiri, akaigawa bure Julai mwaka huohuo. Kila huduma ya mtandao huingilia kwenye lango lake lenye namba. Aliomba ipewe lango namba 22 kwa sababu lilikuwa wazi katikati ya 21 la kuhamishia mafaili na 23 la telnet, zile mbili alizotaka kuziondoa. Alipewa bila mzunguko.

SSH husimba mazungumzo yote, yaani huyageuza yasisomeke njiani, na inaruhusu kuingia bila nywila kabisa. Unatengeneza funguo mbili zinazooana. Ule wa umma unauacha kwenye seva, wa siri haubanduki kwenye kompyuta yako. Ukibisha hodi, kompyuta yako inatia saini kwa ufunguo wa siri, seva inaihakiki saini kwa ule wa umma. Siri yenyewe haijasafiri, kwa hiyo aliyekaa njiani hana cha kunasa. Baada ya zile kilo mbili nilifunga nywila kwenye lango 22 la seva zetu zote, na kila karani nikampa akaunti yake mwenyewe kwenye mfumo wa hesabu.

Lakini kitu ninachokithamini zaidi ndani ya SSH ni kile ambacho wengi hukiona usumbufu. Mara ya kwanza unapoingia, kompyuta yako inakariri ufunguo wa seva. Siku ufunguo huo ukibadilika, SSH inakataa na kukuonya kwa maandishi makubwa kwamba huenda kuna mtu amejiweka katikati. Nimeona mafundi wanafuta ufunguo uliokaririwa na kuendelea, bila hata kuuliza. Kwangu hilo ni kosa la kuitwa ofisini. Alama za funguo za seva zetu nimezichapa kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa kabati. Onyo likitokea, unasimama, unafungua kabati, unasoma herufi moja moja. Mara nyingi utakuta ni mimi niliyeweka mfumo upya. Bado unasimama.

Mengine nayapitia haraka. Fail2ban inasoma logi kwa niaba yako na kufungia nje anwani inayokosea mara nyingi. Iweke, haina gharama. Sudo, iliyoanzia chuo kikuu cha Buffalo, New York, mnamo 1980, inampa fundi mamlaka ya amri fulani tu na kuandika jina lake kila anapoitumia. Bila hiyo, wote mnaingia kama bwana mkubwa wa mfumo na logi haimjui nani ni nani.

Nakala za akiba zinahitaji maneno zaidi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua iliyokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam pale Somanga, na tarehe 12 mwezi huohuo nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, intaneti ya nchi ikalegea. Huku kusini hapakuwa na njia ya kupeleka diski wala ya kutuma mafaili makubwa. Kilichonisaidia ni rsync, kazi ya Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia, ya mwaka 1996. Badala ya kutuma faili zima, pande mbili zinapashana alama fupi za kila kipande, kisha kinasafiri kile tu kilichotofautiana. Hesabu za siku nzima zinakuwa mzigo mdogo unaopita hata kwenye laini dhaifu, na usiku mtandao ulipopata nafuu kidogo, zilipita.

Watu huniuliza kama mashine zitafika mahali pa kugundua haya yote zenyewe. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwa SSH kwenye kompyuta yake ya majaribio kunachelewa kwa karibu nusu sekunde. Nusu sekunde! Alichimba, akakuta mlango wa siri umepachikwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, toleo la 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeupachika alijiita Jia Tan, na alikuwa amechangia kazi ile kwa miaka zaidi ya miwili hadi akaaminiwa. Mlango ule ulikamatwa kabla haujasambaa kwenye seva nyingi za dunia. Nikimwaza Freund namwona mama wa Tandahimba na daftari lake.

Wiki iliyopita binti aliyeanza kazi kwetu mwezi uliopita alisimama mlangoni kwangu. "Samahani dada, seva ya pili iko nyuma dakika nne."

Seva hulinganisha saa zake kwa NTP, kazi ya David Mills iliyoanza miaka ya 1980, kupitia lango namba 123. Wiki sita nyuma nilikuwa nimekaza sheria za ukuta wa mtandao, unaoamua nini kiingie na kutoka, na lango hilo nililifunga pamoja na mengine. Tangu hapo saa ilikuwa ikidondosha kama sekunde sita kila siku. Saa ikipotoka, muda ulioandikwa kwenye logi nao umepotoka, na logi za seva mbili hazilingani. Nililifungua, saa ikasogea mahali pake. Kisha nikamwambia avute kiti, tukaanza kuzipanga logi za wiki zote sita, kila siku na marekebisho yake, tukilinganisha seva ya kwanza na ya pili mstari kwa mstari, tuone kama kuna aliyepita kwenye pengo lile. Hadi adhana ya magharibi tulikuwa tumefika wiki ya nne.